Mkanda Ambao Sikuugusa

Uwase mwanangu,

Umetoka hapa saa tisa kwenda Batsinda kumuaga mama yako mdogo, na najua hutarudi mapema, maana yule akishakukalisha kitini huinuki bila kula mara mbili. Nimekaa mezani na daftari lako la zamani la shule, lile lililobaki na kurasa tupu nyuma. Mama yako yuko chumbani anakunja nguo zako. Sweta moja amelikunja mara tatu. Anajua ninachoandika, na ameufunga mlango taratibu ili nisipate kisingizio cha kuacha.

Habari za kula vizuri, kulala mapema na kupiga simu sitakuandikia. Hizo atakwambia yeye, na utazisahau kabla hujafika mpakani Rusumo, kama nilivyozisahau mimi. Kesho unavuka mpaka na trela ya watalii, unakwenda kufanya kazi mwaka mzima upande ule nilikozaliwa, fundi pekee katika safari, na dereva wako hataliondoa gari mpaka aione chaki yako kwenye matangi. Ninataka kukwambia habari ya chaki yangu mimi. Nimechelewa miaka kumi na tano, na ningekuwa mwoga kidogo zaidi, ningekuacha uende hivyo hivyo.

Jumapili, tulipokuwa tunakula na wageni waliokuja kukutakia safari njema, mmoja wao alikuuliza nani alikufundisha ufundi. Ulinyoosha kidole kwangu, ukasema kwa furaha kabisa, "Papa alinifundisha jambo moja kabla hajanipa hata spana. Usiwe kama Sudi. Sudi alitembea na tangi limejaa mpaka likamwangukia." Wageni wakatikisa vichwa, wakanitazama kwa heshima. Mimi nikajiongezea mchuzi. Nilikula sahani nzima, Uwase, na sikuonja kitu. Mama yako alinitazama mara moja tu halafu akaenda jikoni, akakaa huko muda mrefu kuliko chai ilivyohitaji.

Maneno yale ni yangu. Nilikwambia mwenyewe ukiwa na miaka tisa, na nimeyarudia mara nyingi tangu hapo. Ni uongo.

Sudi unamkumbuka kidogo. Mtu mrefu wa Biryogo, mwenye kofia ya kufuma na sauti ya kukwaruza, aliyekuwa akikubeba mabegani kutoka gereji mpaka kwenye duka la pembeni. Alikuwa dereva wa trela, mimi fundi wake, miaka kumi na moja tukiwa pamoja hapa Kagarama. Spana yako namba kumi, ile uliyoifunga uzi mwekundu, hukupewa na mimi. Yeye ndiye aliyekuletea siku uliyomwambia unataka kufungua baiskeli yako yote. Nilipokwambia baadaye kwamba imetoka kwangu, hukuuliza, nami nikaona ni rahisi zaidi hivyo.

Unaijua desturi ya gereji yetu. Anayeendesha hakagui. Mwingine anaingia chini ya trela, anagusa kila mkanda unaoshika matangi, kisha anaandika herufi ya jina lake kwa chaki ubavuni mwa tangi. Dereva akiiona chaki, anaondoka bila swali. Desturi hiyo tuliianzisha mimi na Sudi wenyewe, tulipokuwa vijana na tunaogopa kazi yetu kama inavyostahili kuogopwa. Siku zile tulikuwa tukibishana chini ya gari kuhusu nati moja mpaka watu wanadhani tunagombana.

Ilikuwa Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya mtaa mzima. Mvua ilinyesha usiku kucha, na asubuhi sote tulikuwa mtaani tunazibua mfereji, tope mpaka magotini. Siku hiyo hiyo mama yako mdogo alikuwa anachumbiwa. Mimi ndiye niliyechaguliwa kuwa msemaji wa upande wetu, yule anayekaa mbele na kuwazungusha wageni kwa maneno kabla ya kuwapa binti. Unajua nilivyokuwa napenda kazi ile. Nilikuwa nimejiandaa wiki mbili, na nilikuwa nimenunua shati jeupe jipya.

Trela ilitakiwa kuondoka umuganda ukimalizika tu, barabara zikifunguliwa. Watalii walikuwa wanasubiri hotelini na walikwisha piga simu mara mbili. Ndani trela hiyo ilikuwa na vitanda, jiko na choo kidogo kama kabati. Chini ilikuwa na matangi matatu, kama hiyo yako: la maji safi, la maji ya kuogea na kuoshea vyombo, na la choo. Lile la choo lilikuwa limejaa. Wageni wa safari iliyotangulia walirudi Ijumaa jioni, na pale tunapomwagia palikuwa pamefungwa. Sudi aliniuliza kwa simu asubuhi tufanyeje. Nilimwambia, "Nenda nalo, utamwaga mkifika." Sikiliza hapo vizuri, kwa sababu ndipo uongo wangu wa kwanza ulipopata mahali pa kukaa. Aliyetaka tangi litembee limejaa ni mimi.

Nilioga, nikavaa suti na lile shati, nikapitia gereji nikiwa njiani kwenda kwenye sherehe. Sudi alikuwa amekwisha funga trela nyuma ya gari. Aliponiona alicheka.

"Muzee, na hiyo kostimi utaingia chini kweli?"

"Jana nilikuwa chini," nikamwambia.

"Mukanda iko sawa?"

"Iko sawa."

Ni kweli kwamba jana yake jioni, trela iliporudi, nilikuwa chini. Nilikuwa natia grisi kwenye magurudumu, na sikusogea hata kidogo kuelekea kwenye matangi. Sasa nikainama, mkono mmoja umeishika tai isiguse tope. Nikaligonga tangi kwa ngumi. Nikaushika mkanda wa mbele kwa nje, nikautikisa, ukakaa imara. Rangi yake nyeusi ilikuwa inang'aa kwa sababu niliipaka mwenyewe mwezi mmoja kabla. Nikatoa chaki mfukoni, nikaandika herufi yangu, nikajifuta vidole kwa kitambaa. Sudi akapiga honi mara mbili, kama alivyozoea, akatoka getini.

Wewe sasa unajua ninachokisema. Kutu ya mkanda huanzia ndani, upande unaogusana na tangi, pale tope linapojibana na halikauki. Nje utaona rangi nzuri, na ndani chuma kimebaki chembamba kama gamba la mkate. Hakuna njia ya kulijua hilo ukiwa umeinama. Ni lazima ulale chali, upitishe kidole nyuma ya mkanda mpaka kwenye kona, ukisikilize kidole chako. Nilikuwa nalijua hilo miaka mingi kabla ya siku ile. Niliacha kwa sababu ya shati.

Sherehe ilifana. Sijawahi kuongea vizuri vile. Niliwaambia upande wa bwana harusi kwamba binti wanayemtaka simfahamu, kwamba labda wamekosea nyumba, nikawaomba waeleze ng'ombe wao wa mahari wamefundishwa salamu na nani. Wazee walicheka mpaka wakashika mbavu. Nilikuwa bado nimesimama, soda zinamiminwa, simu ilipoita mfukoni. Niliizima. Ikaita tena.

Yaliyotokea nilielezwa na wale watalii. Walipoacha lami na kuingia barabara ya udongo, walisikia kitu kinaburuzwa. Sudi akasimama. Mkanda wa mbele ulikuwa umekatika, tangi limeinama upande mmoja, linaning'inia kwa mkanda wa nyuma. Akawashusha watu, akatoa kamba. Mmoja wao alimwambia asiingie, asubiri msaada. Sudi akamwonyesha chaki. Alisema mkanda wa nyuma ni mzima, rafiki yake ameuangalia leo leo. Akaingia chini. Alitia jeki kwanza, sitaki umdhanie vibaya, lakini ardhi ilikuwa imelowa na jeki ikazama. Mkanda wa nyuma nao ukakatika. Tangi lile lilichukua lita mia moja na sitini, na lita moja ni kilo moja. Lilimwangukia kifuani.

Alikaa hospitali siku nne. Siku ya pili niliruhusiwa kumwona. Mke wake, Mama Zaina, alitoka nje ili tuongee, akidhani wanaume wana mambo yao. Sudi alikuwa anapumua kwa shida. Uso ulikuwa wake, sauti haikuwa yake. Nilimshika mkono. Akaniuliza bila hasira yoyote, kama mtu anayeuliza spana imewekwa wapi.

"Ile mukanda, uliiangalia?"

Nikamwambia, "Niliiangalia."

Akafumba macho. "Basi iko barabara," akasema. "Ile barabara iko mubaya."

Hatukuongea tena. Nilikaa pale mpaka nesi alipoingia, na siku mbili zilizofuata sikurudi. Nilisema nina kazi. Akafariki.

Nimeishi na maneno yale, Uwase, iko barabara. Mtu alikuwa anakufa na aliamua kuamini kwamba ni barabara, kwa sababu nilikuwa nimemshika mkono na kumwambia niliangalia. Sijui kama aliamini kweli au alinihurumia. Nimejiuliza hilo nikiwa nafunga nati, nikiwa kanisani, nikiwa nakutazama unavyokua. Nimekata tamaa ya kupata jibu, maana mwenye jibu nilimzika.

Tajiri wa gereji alipouliza, nikarudia yale yale. Niliangalia, mikanda ilikuwa mizima. Basi wakatafuta sababu nyingine, wakaipata bila kuhangaika: dereva alitembea na tangi limejaa. Wakaandika hivyo kwenye ripoti. Nilikuwa nimekaa pale pale inapoandikwa. Ningeweza kusema, mimi ndiye niliyemwambia aende nalo. Nilijikausha. Ulikuwa na miaka tisa, ndugu yako alikuwa bado tumboni, na nilijiambia kwamba Sudi hahitaji tena jina zuri, sisi ndio tunahitaji kula. Usidhani nilijiona mbaya siku ile. Nilijiona mtu mwenye akili. Hilo ndilo ninalotaka ulijue kuhusu mambo ya namna hii. Wakati yanatokea, yanafanana kabisa na busara.

Kisha ukaniuliza, jioni moja, kwa nini Anko Sudi haji tena. Nikakupa lile somo. Lilikaa vizuri mdomoni, na lilikufanya uwe makini na matangi, kwa hiyo nikaona lina faida. Nimekulea kwa kumtukana mtu aliyekupa spana yako ya kwanza.

Mama yako hakuambiwa na mtu. Aliona shati. Wiki ile alikuwa anafua, na wakati watu wote wanasema habari ya Sudi na mvua na tope, alilichukua shati langu kapuni, akaligeuza mbele na nyuma, akanitazama. "Shati limerudi jeupe," akasema. Alilifua hivyo hivyo, akalikunja, akaliweka chini kabisa ya sanduku la uvunguni, na sijalivaa tena. Miaka kumi na tano tumelala kitanda kimoja na shati lile likiwa chini yetu. Kama uliwahi kuona tumenyamaziana ukadhani ni wewe umekosea, haikuwa wewe.

Mama Zaina nakutana naye mara nyingine stendi ya Nyabugogo, anapokuja kuchukua mafurushi ya vitambaa vya kushonea. Nikimwona kwanza, nabadilisha njia. Akiniona yeye kwanza, ananishika mikono yote miwili katikati ya wapagazi wanaotusukuma, na kila mara ananiambia jambo lile lile. "Baba Uwase, Mungu akuweke. Wewe ulikuja kumwona. Wengine hawakuja." Nami namwambia amina. Halafu napanda basi, nashuka kituo kisicho changu, natembea. Unakumbuka siku nilizokuwa nachelewa bila sababu, mkaanza kula bila mimi.

Sikuandikii ili unihurumie. Na wala sidhani nitakusaidia kwa kukwambia uwe mkweli, maana ulikuwa mkweli tangu mdogo, kwa upande wa mama yako. Nataka tu ujue jinsi hatari hiyo inavyokuja. Haiji na pembe. Itakuja siku umevaa vizuri, watu wanakusubiri mahali, na mtu anayekuamini anakuuliza swali jepesi. Utakuwa na jibu ambalo nusu yake ni kweli. Jana nilikuwa chini. Ningempa nini Sudi badala ya lile jibu? Robo saa na shati moja.

Na kama utakuwa umekwisha kosea, kwa maana utakosea, wewe si malaika na matangi yana mambo mengi, basi sema siku ile ile, wakati bado kuna mtu wa kumwambia. Mimi nilikuwa na siku nne. Niliona ni chache mno za kumsumbua mgonjwa. Sasa ningezipata hata dakika nne za kusimama mbele yake, ningezitumia vibaya kwa kulia, lakini ningezitumia.

Leo asubuhi nilikwenda gereji kabla yako. Tajiri aliniomba nikague trela yako kwa sababu ni wewe unayeondoka nayo, alidhani nitafurahi. Nililala chini yake kwa saa mbili nzima. Mkanda wa nyuma wa tangi la choo niliufungua, sikuupenda, nikafunga mpya. Nimeweka mpira mpya kati ya chuma na tangi ili visisuguane. Bolti zote nimezikaza. Nilipotoka sikuweza kuinuka peke yangu, nikashikilia gurudumu kama mlevi. Macho yangu si yale, na kidole cha kulia hakisikii vizuri tangu nilipokikata. Kwa hiyo sikuandika chaki. Dereva wako aliuliza, nikamwambia chaki si yangu, ataandika mwenye safari. Nadhani amekasirika.

Nimefikiri sana kama nikupe barua hii usome ukiwa umeshavuka. Ingekuwa nafuu kwangu. Ungekuwa mbali, ungelia au ungetukana huko huko, na mimi ningebaki na picha yako ya kunipungia mkono. Lakini hiyo nayo ni kukagua nikiwa nimeinama. Kwa hiyo naiweka juu ya ovaroli yako, utaikuta leo ukirudi. Sijui kesho utaniaga vipi. Labda hutaniaga. Naogopa hilo kuliko nilivyowahi kuogopa kitu, nakwambia wazi, na bado naiweka.

Ukishaondoka nitakwenda Biryogo. Nimemwambia mama yako, naye akaenda kulitoa lile shati sandukuni. Limekuwa la manjano kwenye kola. Amelipiga pasi na kulitundika mlangoni, nalitazama hapa ninapoandika. Sijui Mama Zaina atafanya nini nikimwambia. Ana haki ya kufanya lolote. Zaina mwenyewe ni mtu mzima sasa, na pengine naye amelelewa akiambiwa baba yake alikuwa mzembe. Akiniuliza kwa nini nimekuja leo, nitamwambia ukweli, kwamba nilikusikia mezani ukimtaja baba yake.

Ile spana yenye uzi mwekundu endelea nayo. Ni ya Sudi, ujue tu unachokishika.

Kesho nitakuwa gereji saa kumi na mbili, ubao umetandikwa chini ya trela na tochi ina betri mpya. Chaki nimeitia ndani ya bahasha hii. Usinisalimie kwanza, na usiogope kunichukia, hilo litasubiri. Lala chini, upitishe kidole nyuma ya kila mkanda, hata ule niliouweka mimi, hasa ule niliouweka mimi. Nitakaa kando kimya. Lakini nikiiona chaki yako kwenye tangi na ovaroli yako bado safi mgongoni, Uwase, nitaifuta.

Baba yako